Malisho ya Dakika 150

Hakuna mfugaji wa Habaswein anayengoja jani la mwisho liliwe ndipo ahame. Ngamia wakianza kutembea kuliko wanavyokula, wakiinua shingo kutazama mbali badala ya kung'ang'ania kichaka kilicho mbele yao, mwenyewe ameshajua. Na kabla mifugo haijaondoka, vijana wawili watatu hutangulizwa kwenda kutazama: maji yako wapi, majani yamechipua wapi, nani keshafika huko. Kwa Kisomali upelelezi huo huitwa sahan. Mji wenyewe uko kusini mwa Kaunti ya Wajir, nchini Kenya, kwenye barabara itokayo Garissa, na jina lake linataja vumbi. Mto Ewaso Ng'iro hupotelea si mbali na hapo, kwenye kinamasi cha Lorian. Katika nchi ya namna hiyo, anayehama kwa kubahatisha hulipa kwa mizoga.

Mtoto wa mfugaji huyohuyo, Novemba ikifika, huketi mbele ya karatasi ya Hisabati ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya sekondari, hufungua ukurasa wa kwanza na kuanza swali la kwanza. Kisha la pili. Kisha la tatu. Swali la saba likimkaba, hubaki nalo. Hufuta, huandika upya, hufuta tena, mpaka msimamizi atangaze kwamba imebaki nusu saa, na sehemu ya pili ya karatasi hajaigusa.

Mimi nimewahi kuwa mtoto huyo, ingawa shule yangu haikuwa Habaswein. Swali lililonila lilikuwa la alama tatu: mabomba mawili yalikuwa yakijaza tangi huku la tatu likilimwaga. Sijawahi kukutana na tangi la aina hiyo maishani, lakini siku ile nililipa zaidi ya dakika ishirini nikilitafuta. Hesabu yenyewe niliijua. Kilichonishinda ni kuamua kuiacha.

Kumbe kuna watu wamefanya uamuzi huo kuwa kazi yao ya maisha. Baadhi huchunguza ndege, wengine huchunguza wanafunzi, na wengi wao hawasomani. Ukiwaweka pamoja, wanamwambia mtahiniwa mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada.

Tuanze na karatasi. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, kila moja alama 10, na mtahiniwa huchagua 5. Maana yake, kuchagua kumo ndani ya mtihani wenyewe, na kunapimwa hata kama hakuna alama iliyoandikwa kando yake. Maelekezo ya jalada yanasema pia kwamba hatua sahihi huweza kulipwa hata jibu la mwisho likikosewa. Na tangu mtihani wa 2023, utaratibu wa kukokotoa gredi ya jumla umeifanya Hisabati ihesabiwe kwa kila mtahiniwa, apende asipende.

Gawanya dakika 150 kwa alama 100, unapata dakika moja na nusu kwa kila alama. Walimu wengi huwaambia wanafunzi wao hivyo: swali la alama tatu, dakika nne na nusu, usipolimaliza songa mbele. Ushauri huo una busara, ila una kasoro ambayo ilinichukua muda kuiona, na aliyenionyesha ni mwanabiolojia.

Mwaka 1976 Mmarekani Eric Charnov alichapisha hesabu ya mnyama anayekula kichakani. Mwanzoni chakula ni kingi. Kadiri anavyokula majani yanapungua, na kila dakika inamletea kidogo kuliko ile iliyotangulia. Aondoke lini? Akingoja kichaka kiishe, atakuwa amepoteza muda kwa makombo. Akiondoka mapema mno, atashinda njiani. Jibu la Charnov ni kwamba mnyama aondoke pale mapato ya dakika hii yanaposhuka mpaka yalingane na wastani wa mapato yake katika eneo zima, akiwa amehesabu pia muda wa kutembea kutoka kichaka hadi kichaka. Mwaka uliofuata Richard Cowie wa Oxford aliijaribu kanuni hiyo kwa ndege wadogo, akawafichia funza ndani ya vikombe vilivyojaa unga wa msumeno. Vikombe vingine alivifunika kwa vifuniko vigumu kufungua, ili kuingia kwenye kikombe kipya kuwe na gharama, kama safari ndefu. Ndege waliofungiwa vikombe hivyo walikaa zaidi kwenye kila kikombe kabla ya kuhama, karibu kama hesabu ilivyotabiri.

Hapo ndipo kasoro ya dakika moja na nusu inapojitokeza. Wastani huo ni wa mtu atakayepata alama 100. Mwanafunzi ambaye kwa siku njema hupata 40 wastani wake ni mwingine kabisa: dakika 150 kwa alama 40 ni karibu dakika nne kwa kila alama. Yeye akikimbizwa kwa saa ya mwenzake, ataacha swali la alama tatu baada ya dakika nne na nusu, pengine akiwa hatua moja tu mbali na alama ya pili, akimbilie swali jingine ambalo nalo atalikimbia. Atazunguka karatasi nzima akionja kila kichaka na asishibe popote. Kwa mwanafunzi huyu kanuni ya Charnov inasema: kama unaiona alama nyingine ndani ya dakika nne zijazo, kaa. Kama huioni, ondoka. Kwa mwenye uwezo wa 80, kipimo ni kama dakika mbili.

Wafugaji hawahitaji kuelezwa hili. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, palipokuwa na malisho duni lakini karibu na kisima watu walikaa, kwa sababu pengine palikuwa mbali na huenda hapakuwa na kitu. Nchi ikiwa ya kijani, hakuna sababu ya kukaa mahali pamoja mpaka mbuzi waanze kung'oa mizizi. Ushauri mmoja hauwezi kufaa misimu yote miwili, lakini darasa la wanafunzi hamsini hupewa kipimo kimoja cha muda.

Binadamu tumejaliwa kiasi fulani cha hisia hii. Mwaka 2007 Stephen Payne, Geoffrey Duggan na Hansjörg Neth waliwapa watu mafungu mawili ya herufi wayatumie kuunda maneno, wakiwa huru kuhama kutoka fungu moja hadi jingine. Watu walikaa zaidi kwenye fungu lenye rutuba, jambo jema. Lakini pia walipenda kuhama mara tu baada ya kupata neno, kana kwamba kupata kitu kunafungua mlango wa kutokea. Ukilitafakari hilo kwa mtihani, linatisha kidogo. Mwanafunzi aliyekwama katikati ya swali hana "neno" alilopata la kumfungulia mlango, basi hubaki ndani. Ndiyo maana swali gumu hunasa kuliko swali refu.

Lakini kuhama ni nusu tu ya mambo. Hata ndani ya swali moja kuna njia nyingi, na akili ina tabia ya kushika ile iliyoizoea.

Mwaka 1942 Abraham Luchins alichapisha majaribio yake ya mitungi ya maji, na ningependa yafundishwe Habaswein kuliko mahali pengine, maana huko mtoto huujua uzito wa mtungi kabla hajaijua namba. Tuseme una mitungi mitatu: wa lita 21, wa lita 127 na wa lita 3. Unataka lita 100 kamili. Jaza ule mkubwa, mimina uujaze ule wa 21 mara moja, kisha ule wa 3 mara mbili. Zimebaki 100. Luchins aliwapa watu maswali kadhaa ya namna hiyo, yote yakitatuliwa kwa njia ileile. Halafu akawapa mitungi ya 23, 49 na 3, akataka 20. Ukiifuata njia ya mwanzo, 49 toa 23 toa 6, unafika. Lakini 23 toa 3 ni 20, basi! Wengi waliokuwa wamezoea njia ndefu hawakuiona fupi, ilhali watu ambao hawakupewa mazoezi yale waliiona mara moja. Kisha likaja swali la mitungi ya 28, 76 na 3, ikitakiwa 25. Hapo njia ndefu haifiki kabisa, ile fupi inafika, na bado wapo walioshindwa kwa sababu walikuwa wakiendelea kumimina kutoka kwenye mtungi mkubwa.

Mazoezi yaliwapa kasi, yakawaziba macho. Hilo silo kosa la mazoezi kwa jumla. Ni kosa la mazoezi ya aina moja, na nitarudi kwa jambo hilo baadaye.

Kuna jambo la pili linaloingilia uchaguzi wa njia, nalo ni hofu. Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia vitu inavyovifanyia kazi kwa sasa, mfano wa kibao kidogo cha kuandikia. Watafiti huiita kumbukumbu ya kazi. Hofu nayo huandika kwenye kibao hichohicho: nikianguka je, baba ameuza ngamia kwa ajili ya karo, msimamizi ananitazama. Mtoto wa Habaswein ana mwandishi mwingine wa ziada kibaoni, kwa kuwa nyumbani huzungumza Kisomali, na karatasi ya Hisabati imeandikwa kwa Kiingereza. Swali lenye sentensi nne linambidi alisome mara mbili kabla halijawa hesabu.

Sian Beilock na Marci DeCaro walichapisha mwaka 2007 utafiti uliogusa jambo hili moja kwa moja. Waliwapa watu hesabu za kichwa, wengine kwa utulivu, wengine wakiahidiwa pesa, wakipigwa picha za video na kuambiwa kwamba mwenzao anawategemea. Wenye kibao kikubwa, ambao kwa utulivu walifuata njia ndefu iliyo sahihi, chini ya shinikizo waliiacha, wakashika njia za mkato zinazopatia wakati mwingine tu, na matokeo yao yakashuka. Kisha wakawapa watu mitungi ya Luchins. Safari hii shinikizo liliwafanya haohao wenye kibao kikubwa waione njia fupi, na wakafanya vizuri zaidi. Presha haikuwapumbaza. Iliwasukuma kwenye njia nyepesi, na wepesi huo ulifaa swali moja ukaharibu jingine.

Kwa hiyo mtahiniwa mwenye akili hana budi kujua ni maswali gani yanayostahimili njia nyepesi. Chukua mlinganyo wa kipeo cha pili. Ukiwa x² − 7x + 12 = 0, jicho linaona 3 na 4 kabla kalamu haijagusa karatasi, na anayekimbilia fomula kubwa anajitwisha mzigo bure. Ukiwa 2x² + 5x − 4 = 0, unaweza kutafuta vigawo mpaka kengele ilie: ndani ya kipeuo cha fomula, 25 jumlisha 32 ni 57, na 57 haina kipeuo cha pili kilicho namba nzima, hivyo vigawo hivyo havipo. Na mara nyingi mtunzi mwenyewe amekwisha kukunong'oneza. Akisema utoe jibu kwa desimali mbili, amekuambia kwamba namba nzima usizitarajie, shika fomula. Wanafunzi wengi huyasoma maneno hayo mwishoni, wakati wa kukadiria jibu. Yangewafaa zaidi mwanzoni.

Nikiwa hapa niseme neno kwa wadogo wa gredi ya sita wanaofanya KPSEA, mtihani wenye maswali ya kuchagua jibu. Wameambiwa, kama tulivyoambiwa sisi enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, kwamba jibu la kwanza ndilo, usilibadilishe. Justin Kruger na wenzake walihesabu alama za kufutwa kwenye mitihani zaidi ya 1,500 ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Illinois, wakachapisha mwaka 2005: asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi, na asilimia 25 tu yalitoka sahihi kwenda kosa. Imani ile inadumu kwa sababu jibu zuri ulilolifuta linauma, na uchungu hukumbukwa kuliko bahati.

Nirudi kwa mazoezi. Fungua kitabu chochote cha Hisabati cha kidato cha tatu. Somo ni kanuni ya kosini, na zoezi linalofuata lina maswali ishirini, yote ya kanuni ya kosini. Mwanafunzi hahitaji kuitazama pembetatu. Kichwa cha zoezi kimemchagulia njia. Ndani ya KCSE pembetatu huja bila kichwa. Ikiwa na pande tatu na hakuna pembe, kosini. Ikiwa na pembe mbili na upande mmoja, sini. Ikiwa na pembe ya mraba iliyojificha kwenye maelezo ya nguzo na kivuli, labda Pythagoras anatosha. Kujua zipi ni zipi ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo kazi ambayo zoezi halikumpa hata mara moja.

Doug Rohrer wa Florida ameitumikia hoja hii kwa miaka mingi. Utafiti wake mkubwa, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu madarasa 54 ya gredi ya saba. Nusu walipewa kazi za nyumbani zilizopangwa kwa mafungu, aina moja kwa wakati mmoja. Nusu nyingine walipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Mwezi mmoja baadaye ukaja mtihani ambao hawakuambiwa mapema. Waliofanya mafungu walipata wastani wa asilimia 38. Waliofanya mchanganyiko walipata 61. Mwalimu aliweza kuwa yuleyule, maswali yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio. Ubaya ni kwamba mchanganyiko huudhi. Unaukosea mara nyingi zaidi unapojifunza, na unahisi huendi popote, kwa hiyo wanafunzi wakiachiwa huchagua mafungu.

Hapa sasa inanibidi nipambane na nafsi yangu. Nilianza na ngamia, na mfano ule ni mtamu: mtoto wa mfugaji tayari anajua kuhama, mwambie tu afanye hivyohivyo kwenye karatasi. Sayansi haikubali urahisi huo. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao juu ya watoto 1,436 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi. Watoto hao walikokotoa bei za bidhaa kichwani kwa wepesi wa kustaajabisha, kisha wakapewa hesabu za aina ileile kwa mtindo wa shule na wakashindwa. Wenzao wa shuleni wasiouza sokoni walikuwa kinyume: kwenye karatasi walijitahidi, sokoni wakapotea. Ujuzi haukuvuka kizingiti upande wowote. Kule Brazil, Terezinha Carraher na wenzake walikuwa wameona jambo hilohilo mwaka 1985 kwa watoto watano wachuuzi wa Recife: barabarani walipata asilimia 98, na hesabu zilezile zilipoandikwa zikiwa namba tupu walipata 37.

Kijana anayemsaidia baba yake kuuza mbuzi saba kwenye mnada wa Habaswein, kila mmoja shilingi 6,500 tuseme, atasema 45,500 kabla dalali hajafumba mdomo: saba mara elfu sita, ongeza nusu saba. Darasani ataziandika namba hizo moja chini ya nyingine na kubeba tatu pembeni, kwa sababu ndivyo "hesabu" inavyofanywa. Basi hata ujuzi wa sahan hautavuka wenyewe. Lazima mtu auvushe kwa makusudi, mara nyingi, saa ikiwa mezani.

Na mtu huyo mara nyingi hayupo. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule nyingi zilibaki na mwalimu mmoja wa masomo matatu, au na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita akishikilia chaki. Katika hali hiyo wanafunzi hutegemea vijitabu vya mitihani ya miaka iliyopita, na watu wa nje huwahurumia kwa hilo. Mimi naona kijitabu hicho ndicho kitu bora walicho nacho. Ni mchanganyiko wa Rohrer, tayari umechanganywa na Baraza la Mitihani, na hata mwalimu wa muda anaweza kuusimamia. Kinachokosekana ni kukitumia kwa namna nyingine: Jumamosi moja wanafunzi wasitatue chochote. Wapewe karatasi nzima na dakika tano, kalamu zikiwa chini, na wanachotakiwa kutoa ni orodha tu: haya naanza nayo, haya narudi kwayo, haya siyagusi, na matano haya ndiyo nachagua sehemu ya pili. Kisha kila mmoja aeleze kwa nini, kwa Kisomali akitaka. Wabishane. Wiki inayofuata watatue na waone ni wapi walidanganyika.

Tuseme msichana mmoja amefanya hivyo Jumamosi kumi. Novemba imefika, upepo unapitisha vumbi chini ya mlango wa darasa, msimamizi ametazama saa na kusema anzeni. Vichwa vyote vimeinama. Yeye kalamu yake iko juu ya dawati. Anageuza kurasa polepole hadi mwisho, anarudi nyuma mara moja, anaweka nukta ndogo kwa penseli kando ya maswali matano. Msimamizi anamkaribia, labda anadhani mtoto huyu amepatwa na hofu. Dakika tano zimepita na hajaandika hata namba moja. Kisha anachukua kalamu na kuanza swali la kumi na moja.